Asiyekuwapo na lake halipo, lakini kuwapo pekee hakutoshi: somo kutoka Kitui na Makueni

Mwezi wa Juni, miaka michache iliyopita, niliketi katika ukumbi mmoja wa jamii hapa Pwani kusikiliza bajeti ya kaunti ikisomwa. Tulikuwa kama watu sitini. Kina mama wa mtaa wetu walikuja na jambo moja tu. Zahanati yetu haikuwa na chumba cha kujifungulia, na mwanamke akishikwa na uchungu usiku ilibidi apakiwe kwenye bodaboda hadi hospitali ya mbali. Afisa aliyeongoza kikao aliwasikiliza kwa heshima, akaandika kwenye daftari, akasema litaangaliwa. Tulipoingia tulitia sahihi karatasi ya mahudhurio, na wakati wa kutoka tukapewa soda.

Bajeti ilipita. Chumba hakikuwamo. Nilipokwenda kuuliza, nikajibiwa neno ambalo sijalisahau mpaka leo: "Lakini wananchi walishirikishwa. Sahihi zenu tunazo."

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Sisi tulikuwapo, na letu halikuwapo. Tulichotia sahihi siku ile kilikuwa ni ushahidi kwamba tumeulizwa, basi. Hakikueleza tulisema nini. Tangu hapo nikaanza kutafuta wenzetu wanafanyaje, na nikajikuta nikielekea ukambani, Makueni na Kitui.

Makueni wengi wetu tunaijua kupitia dirisha la basi: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali. Kitui nayo ni jirani kabisa, kwani imepakana na Tana River na Taita Taveta. Ni kaunti kavu, zenye shida ya maji kuliko sisi, wala hazina bandari. Lakini kuhusu mwananchi kulifikishia bunge la kaunti neno lake, zimetutangulia, moja kwa kufaulu na nyingine kwa kushindwa. Yote mawili yana funzo.

Makueni: neno huanzia kijijini

Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, Makueni ilimchagua Profesa Kivutha Kibwana, mwalimu wa sheria, kuwa gavana wake wa kwanza, naye akaongoza mihula miwili hadi 2022. Katika miaka hiyo kaunti iliweka ngazi sita za mashauriano. Ya chini kabisa ni kijiji, na vijiji vinazidi 3,600. Vijiji kadhaa huunda kundi, na makundi ni 377. Kisha kuna wadi ndogo 60, wadi 30, kaunti ndogo 6, na juu kabisa kikao cha kaunti nzima. Katika kila ngazi watu huchagua kamati ya maendeleo ya watu kumi na mmoja, na kamati hiyo ndiyo inayobeba mapendekezo kwenda ngazi inayofuata.

Shemeji yangu anafundisha huko, na siku moja alinichukua kwenye kikao cha kijiji, chini ya mwembe. Mabishano yalikuwa baina ya watu wa barabara na watu wa maji. Mzee mmoja alitaka barabara ili maembe yake yafike sokoni kabla ya kuoza. Mama mmoja akamjibu kwamba maembe yanaweza kungoja siku mbili, lakini mtoto hawezi kungoja maji siku mbili. Watu wakacheka, kisha wakapiga kura kwa kuinua mikono. Maji yakashinda. Katibu akaandika nani alipendekeza nini, kura ngapi, na nani atakwenda kulitetea kwenye kundi la vijiji. Yule mzee wa barabara alitoka akinung'unika, lakini alijua ameshindwa na nani na kwa nini.

Hapo ndipo nilipoona tofauti yetu. Sisi katika ukumbi wetu kila mtu alisema lake, na afisa akaenda na daftari lake. Wenzetu walishindana wao kwa wao kwanza, wakatoka na neno moja lililoandikwa, lenye mtu wa kulifuatilia.

Jambo jingine ni kamati ya mradi. Mradi ukianza, wakaazi wa pale huchagua wenzao wa kuusimamia, na kwa utaratibu wa Makueni mkandarasi hulipwa baada ya kamati hiyo kukubali kazi. Mkandarasi anayejua kwamba mama wa kijijini ndiye atakayetia sahihi hachanganyi simiti kwa mkono wa ubahili.

Lakini nisije nikaisifu Makueni kana kwamba ni pepo. Mwaka 2014 gavana na bunge la kaunti hiyo walizozana vibaya kuhusu bajeti, hata mwezi wa Septemba mwaka huo risasi zikalia katika ofisi za kaunti mjini Wote na watu wakajeruhiwa. Wananchi walichukua njia ya sheria. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inawapa wapiga kura haki ya kumwomba Rais aisimamishe serikali ya kaunti, mradi asilimia 10 ya waliojiandikisha watie sahihi. Makueni wakakusanya sahihi zaidi ya 50,000. Ikaundwa tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga, nayo ikapendekeza serikali ya kaunti isimamishwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa, akawataka viongozi wapatane.

Kwa hivyo hawakupata walichoomba. Hata hivyo kila aliyechaguliwa pale alijifunza kwamba raia wake wanajua kuhesabu sahihi.

Kitui: kikao nacho ni ushahidi

Kitui inatufunza upande wa pili. Katika Bonde la Mui, mashariki mwa kaunti hiyo, kuna makaa ya mawe. Serikali ya taifa iliyagawa machimbo hayo katika vitalu vinne, na kampuni ya Fenxi kutoka China ikapewa viwili. Wakaazi walioogopa kupoteza mashamba na makaburi ya wazee wao walikwenda Mahakama Kuu. Moja ya hoja zao ilikuwa kwamba hawakushirikishwa.

Hukumu ilitoka mwaka 2015, na wakaazi hawakushinda. Mahakama iliangalia vikao vilivyofanywa na kamati iliyoundwa baina ya wenyeji na serikali, ikaona kwamba kwa hatua iliyofikiwa ushirikishaji ulitosha, ingawa ulipaswa kuendelea. Hukumu hiyo ndiyo iliyoweka vipimo ambavyo mahakama za Kenya zinavitumia mpaka sasa. Kwa maneno yangu ni hivi: njia ya kuwashirikisha watu lazima ilingane na uzito wa jambo, watu wapewe habari za kutosha kabla ya kuulizwa, asiachwe mtu kwa makusudi, hasa yule atakayeguswa zaidi, na maoni yachukuliwe kwa nia njema. Lakini serikali hailazimiki kukubali kila linalosemwa.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu makaa ya Mui yanatuhusu. Yalitajwa miaka mingi kuwa ndiyo yangekuja kuwasha mtambo wa umeme wa Lamu. Wana Lamu nao walipinga, wakaenda mbele ya Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ya kampuni ya Amu Power ikafutwa. Sababu moja kubwa ilikuwa ushirikishaji wa umma. Vikao vilikuwapo Lamu pia! Lakini vile vya mwanzo vilikuwa vya kutambulisha mradi tu, na ripoti ya athari za mazingira ilipokuwa tayari watu hawakurudiwa ipasavyo waisome na kuijibu.

Pima kesi hizo mbili. Kote watu walikaa vikaoni. Swali la mahakama lilikuwa: watu hao walipewa habari gani, lini, na walijibu nini? Ndiyo maana nasema karatasi ya mahudhurio ni upanga wenye makali kuwili. Ukitia sahihi ukaondoka bila kuacha neno lako kwa maandishi, umempa mwenzako silaha.

Nani anafanya nini

Kosa letu la kwanza siku ile ni kwamba hatukujua tunaongea na nani. Kaunti ina mikono miwili. Kuna serikali ya gavana, pamoja na mawaziri wake na wasimamizi wa wadi, na hao ndio wanaopanga na kujenga. Kuna bunge la kaunti, la MCA ambao wazee wetu bado wanawaita madiwani, na hao hutunga sheria, hupitisha bajeti na kuichunguza serikali. MCA hana ruhusa ya kujenga zahanati. Anayekuahidi kujenga anakuahidi kazi ya mwenzake. Lakini anaweza kuuliza swali bungeni, kulipeleka jambo lako kwenye kamati, na kupiga kura ya kuongeza au kupunguza fedha.

Na bunge si nyumba ya mtu. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka lifanye kazi zake hadharani na liwahusishe wananchi katika shughuli zake na za kamati zake. Unaweza kwenda ukaketi ukasikiliza. Mtu wa kumtafuta ni karani wa bunge, kwani ofisi yake ndiyo inayopokea barua na maombi, na ndiyo inayojua kamati gani inakaa lini.

Kalenda ndiyo ufunguo

Kosa letu la pili lilikuwa wakati. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kwa hivyo tulidhani Juni ndio mwezi wa kusema. Kumbe Juni chungu kimeshaiva.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga hivi. Kufikia tarehe 1 Septemba, serikali ya kaunti hupeleka bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Hapo ndipo miradi inapotajwa kwa jina. Sheria inakataza fedha za umma kutengwa nje ya mpango, kwa hivyo jambo lisilokuwamo katika mpango lina kazi ngumu ya kuingia baadaye. Kufikia tarehe 28 Februari hupelekwa waraka wa mikakati ya fedha, unaoweka kiwango cha juu cha kila idara: afya ngapi, barabara ngapi, maji ngapi. Kufikia tarehe 30 Aprili hupelekwa makadirio yenyewe, na kamati ya bajeti ya bunge lazima isikilize wananchi. Kufikia tarehe 30 Juni kila kitu kiwe kimepitishwa.

Bunge linapofika kwenye makadirio mikono yake imeshafungwa nusu. Lazima lifuate ule waraka wa Februari, na kila shilingi linayoongeza mahali lazima ipunguzwe mahali pengine. Kwa hivyo mtu anayekwenda Mei au Juni akisema "tunataka chumba cha kujifungulia" anaomba mwenziwe anyang'anywe. Akifika na hesabu, aseme fedha zitoke wapi, atasikilizwa zaidi. Lakini aliyesema Agosti hakuhitaji kumnyang'anya mtu.

Juu ya hayo yote kuna mpango wa miaka mitano. Unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Muulize msimamizi wa wadi akuonyeshe ukurasa wa wadi yako. Ukikuta jambo lako limo tayari, kazi yako imepungua: huombi jipya, unadai lililoahidiwa.

Ombi la maandishi

Kando ya bajeti, kila mtu ana haki ya kuliandikia bunge la kaunti ombi rasmi kuhusu jambo lolote lililo chini yake, hata kutunga sheria, kuirekebisha au kuifuta. Haki hiyo imo katika Sheria ya Serikali za Kaunti, na mwaka 2020 ikapitishwa sheria maalumu ya utaratibu wa maombi hayo. Huhitaji wakili. Waweza kuliandika kwa mkono, na kwa Kiswahili.

Ombi zuri halizidi kurasa mbili. Anza kwa kulielekeza kwa bunge la kaunti yako. Eleza ninyi ni nani na mnaishi wapi. Eleza tatizo kwa mambo yanayoonekana, kwa tarehe na hesabu, bila matusi na bila kumtaja mtu kwa ubaya. Sema mmeshapeleka jambo hilo wapi, na mlijibiwa nini au hamkujibiwa. Hili watu wengi hulisahau, na ombi hurudishwa. Sema pia kama jambo hilo liko mahakamani au haliko. Kisha malizia kwa kuomba kitu kimoja kilicho wazi. "Mtusaidie" si ombi. "Kamati ya afya izuru zahanati hii na itoe ripoti kwa nini hakuna muuguzi wa usiku" ni ombi. Mwisho weka majina, anwani, nambari za vitambulisho na sahihi, na asiyejua kuandika atie alama ya kidole. Sahihi zitiwe kwenye karatasi yenyewe ya ombi, si karatasi tupu inayobandikwa baadaye.

Peleka nakala mbili kwa karani, na yako igongwe muhuri wa kupokewa wenye tarehe. Muhuri huo ndio unaotofautisha ombi na mazungumzo. Ombi likikubaliwa husomwa bungeni na kupewa kamati, na kanuni za mabunge mengi huipa kamati siku 60 kutoa jibu. Weka tarehe hiyo kwenye simu yako, na ikifika nenda ukaulize.

Mswada ukija

Ikiwa ni sheria mpya, tuseme ya ada za soko, kodi za ardhi au leseni za uvuvi, mlango wako ni baada ya mswada kusomwa mara ya kwanza. Hapo hupelekwa kwenye kamati, nayo hutangaza kwamba inapokea maoni. Andika maoni yako kifungu kwa kifungu: kifungu hiki kinasema hivi, kitatuumiza hivi, tunapendekeza kiandikwe hivi. MCA mwenye mambo mengi humsikiliza zaidi anayemletea sentensi iliyo tayari.

Na kama tangazo lilifichwa gazetini mahali ambapo mvuvi hawezi kuliona, jua kwamba sheria iko upande wako. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu watu hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alisema wazi kwamba habari ifikishwe pale watu walipo: makanisani, misikitini, kwenye mabaraza, na katika redio za lugha za wenyeji. Sisi tuna misikiti kila mtaa, na vipaza sauti havikosi. Hakuna sababu ya mtu kusema hakutufikia.

Ukihitaji hati kabla ya kikao, mathalani mpango, makadirio au mkataba wa mkandarasi, iombe kwa barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Ikinyamaza, unaweza kulalamika kwa Ombudsman, na hakuna haja ya kueleza unaitakia nini.

Kazi ya kwetu

Najua kuna watakaosema: Makueni walikuwa na gavana aliyetaka kusikia, sisi je? Ni kweli ngazi zile sita zilihitaji gavana mwenye nia. Lakini kalenda, ombi la maandishi, mlango wa bunge ulio wazi na siku 21 za habari havimtegemei gavana yeyote. Vipo Lamu yenye wadi 10 kama vilivyo Kilifi yenye wadi 35. Na kikao cha chini ya mwembe hakihitaji bajeti ya kaunti. Kinahitaji mwembe, katibu mwenye daftari, na watu walio tayari kushindwa na majirani zao kwa kura.

Kina mama wa mtaa wetu waliniuliza nimeleta nini kutoka ukambani, nikawaeleza haya. Mwaka uliofuata hawakungoja Juni. Walikaa Julai, wakakubaliana chumba cha kujifungulia kiwe cha kwanza na taa za barabarani zingoje. Agosti wakapeleka barua kwa msimamizi wa wadi, nakala kwa MCA na nakala kwa karani, zote zikagongwa muhuri. Februari watatu wao wakaenda mbele ya kamati wakiwa na barua ile ile mkononi. Mwezi wa Juni hawakwenda kabisa kula soda, kwa sababu chumba kilikuwa kimeshaingia.

Leo chumba kimesimama, kimepakwa rangi, kina vitanda viwili. Lakini usiku kinafungwa, kwa sababu hakuna muuguzi wa usiku. Mwezi uliopita mwanamke mwingine alipakiwa kwenye bodaboda akipita mbele ya mlango huo huo uliofungwa kufuli. Alhamdulillahi alifika salama, yeye na mtoto.

Ombi kwa bunge la kaunti limeshaandikwa, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu. Linapita nyumba kwa nyumba sasa hivi likitafuta sahihi. Safari hii kila anayetia sahihi analisoma kwanza, au anasomewa.